Nataka kuagiza mashine ya kukunja mabati ya msauzi, naombeni ushauri kabla sijatuma advansi

Hadwea_Makambako

Habari za leo wakuu, na wakubwa wote shikamooni. Nina duka la hadwea hapa Makambako, huu mwaka wa sita, nauza saruji, nondo, misumari, rangi na mabati, na mabati ndo yanaondoka kuliko kitu chochote, watu wakishavuna kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua inapokaribia hapa dukani ni bati tu. Sasa mzigo wote nautoa Dar, zaidi ya kilomita 600, lori linapanda Kitonga bati zikisuguana, nikishusha nakuta kumi na tano ishirini zimechubuka rangi na zingine kona zimekunjika, hizo inabidi niziuze kwa hasara.

Ila kinachoniuma zaidi ni vipimo. Wiki iliyopita kaja mzee mmoja wa Wanging'ombe, mteremko wa paa lake mita 4 na robo, mimi bati zangu zote za mita 3, ikabidi kila mstari aweke bati moja na nusu, yaani paa zima lina maungio katikati na kalipa zaidi kwa ajili ya mlalio. Ningekuwa na mashine ningemkatia mita 4 na robo kamili akaondoka.

Kwa hiyo nimeanza kuulizia. Kuna wachina wa Hebei wamenitumia bei, mashine ya migongo mipana, yaani hiyo ya msauzi, stendi 16 za rola (jozi za rola zinazokunja bati hatua kwa hatua), mota ya kilowati 5.5, kisu cha haidroliki, dola 9,800 mpaka bandari ya Tianjin, wanataka asilimia 30 kwanza na 70 kabla haijapakiwa. Ghala ninalo, mita 10 kwa 20, nguzo yenye umeme wa fezi tatu iko jirani kabisa. Pia wananishawishi nichukue ya ghorofa mbili, juu migongo mipana chini vigae, wanaongeza dola 5,000 tu. Naombeni mwenye uzoefu anisaidie, ni kitu gani nikiangalie kwenye mashine yenyewe, na nisichokijua ni kipi. Hela ni ya miaka sita hii.

Fundi_Rola

Mkuu karibu kwenye kazi ya bati. Mimi naziseti hizi mashine mwaka wa tisa sasa, nilianza kama kibarua wa kupokea bati mwisho wa mashine, kwa hiyo naongea nilichokishika kwa mkono.

Kitu cha kwanza usiulize bei ya mashine, uliza inatoa bati gani. Rola zikishachongwa zimechongwa, ile mashine itatoa umbo hilo hilo mpaka inakufa. Kuna msauzi ile ya asili, koili (lile bati bapa lililoviringishwa kama mkeka linaloingia kwenye mashine) ya upana wa milimita 925 inatoka bati linaloziba upana wa 686 juu ya paa, na kuna hizi za kichina koili ya milimita 1000 inatoka bati linaloziba 840, na zingine nyingi katikati hapo. Ukiagiza umbo ambalo halifanani na bati zilizopo kwenye mapaa ya huko kwenu, mteja anayetaka kuongezea bati tano kwenye nyumba ya zamani humpati, manake migongo hailaliani. Na ukiagiza inayokula upana wa koili ambao wauzaji wa koili hawauleti utakaa na mashine imefunikwa turubai. Kwa hiyo chukua moja ya zile zilizochubuka hapo dukani, kata kipande cha sentimita 20 kwa upana wote, kisimamishe kwenye karatasi kubwa, fuatisha kwa kalamu migongo yote, pima kila mgongo, alafu hiyo karatasi ndo uwatumie wachina. Usikubali wakutumie wao mchoro wakwambie hii ndo inaenda sana Afrika.

Ya ghorofa mbili achana nayo kwa sasa. Inafanya kazi ghorofa moja kwa wakati, mota ni moja, na ile ya chini kuifikia kuseti ni kulala chali kwenye mafuta. Alafu vigae vinataka chuma laini. Koili nyembamba za bati la kawaida nyingi ni ngumu, zile wanaita G550, ukiipeleka kwenye vigae rangi inapasuka pale kwenye kona za ngazi. Kwa hiyo itakubidi uwe na koili za aina mbili na wewe unaanza.

Stendi 16 kwa msauzi ziko vizuri. Akija mwingine akakwambia 10 au 12 bei rahisi kataa, bati linalazimishwa kujikunja kwa haraka, matokeo yake pembeni linakuja na mawimbi. Uliza shafti ni milimita ngapi, isiwe chini ya 70. Uliza rola ni chuma gani na kama zimepigwa kromu, manake rola isiyo na kromu inaanza kutu na kutu inachora rangi ya bati mstari mmoja mrefu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Uliza inaendeshwa na cheni au gia. Cheni haina shida kwa biashara ya kuanzia, ni rahisi, unapata beringi na cheni hata Iringa. Alafu kabla hujalipa ile 70 waambie wawashe mashine yako kwenye video ya moja kwa moja, siyo video ya jana, wapitishe koili nyembamba na ngumu ya unene utakaouza wewe, wakate bati 10 za mita 3, walaze zote kwa mafungu uone kama zinalaliana, na wazipime na futi mbele yako. Wengi wanapitisha koili ya milimita 0.5 laini, hiyo kila mashine inaiweza. Balaa liko kwenye 0.25.

Nikwambie na siku ya kwanza inavyokuwa. Mashine ikishuka kwenye kontena, hata kama ilitoka China imeshasetiwa, imetikiswa baharini na barabarani, inabidi uipige pima maji upya kuanzia mguu wa kwanza mpaka wa mwisho, na uzi uuvute kutoka mdomo wa kulisha mpaka kwenye kisu. Alafu unakata vipande viwili vyembamba vya bati lile lile utakalolipitisha, unaviingiza kati ya rola ya juu na ya chini, kimoja kushoto kimoja kulia, unavivuta kwa vidole. Kikitoka chenyewe imelegea, kikikwama imebana, inatakiwa kije kwa kusita hivi, na kushoto kuwe sawa na kulia. Stendi 16, kila stendi pande mbili. Hiyo ni kazi ya kutwa nzima na ndo inayotofautisha bati linalolala kwenye kenchi na bati linalojipinda kama ndizi. Mafundi wengi wanaruka hapo, wanakaza bolti mpaka sauti ibadilike, basi.

Dada_wa_Stoo

Kaka pole na hongera kwa kufika hapo. Mimi natunza stoo na vitabu vya kiwanda kidogo cha bati huku Kanda ya Ziwa, mambo ya rola namwachia Fundi, amesema vizuri. Mimi nakuonya kwenye koili, kwa sababu watu wengi wanakuja na hela ya mashine wakidhani wamemaliza.

Mteja hanunui bati tu, ananunua rangi. Huku kwetu anayekuja kutaka damu ya mzee humwambii kuna bluu. Sasa hesabu, damu ya mzee, bluu, kijani, chokoleti na kijivu, rangi tano, na kila rangi uwe na geji 28 na geji 30 (geji ni unene, namba ikipanda bati ni jembamba zaidi), hizo ni koili kumi. Koili moja tani 4 hivi. Tani 40, yaani kontena mbili za futi 20 zimejaa. Hiyo dola 9,800 ya mashine utaona ilikuwa nauli tu. Sisi tulianza na rangi mbili, geji moja, tukawa tunakosa wateja na tunaumia, lakini hatukukopa, na koili ikibaki mita chache tulijua ni zipi.

Jifunze hesabu hii uiandike ukutani. Upana wa koili kwa mita, zidisha kwa unene kwa milimita, zidisha kwa 7.85, unapata kilo kwa kila mita moja ya urefu. Koili ya upana wa mita 1, unene 0.30, ni kilo 2.355 kwa mita. Kwa hiyo tani moja inatoa mita 424. Hiyo hiyo ikiwa 0.25 inakuwa kilo 1.96, tani inatoa mita 509. Umeona hapo? Mita 85 kwa kila tani. Koili unanunua kwa kilo, bati unauza kwa mita. Mtu akiuza 0.25 akaiita geji 30 anapata zile mita 85 za bure, na hapo ndipo soko lote la bati limeharibikia. Wewe utashawishiwa, msambazaji atakwambia wenzako wote wanachukua 0.22 mteja hajui. Tafadhali kaka usianze hivyo. Mtu anaezeka mara moja katika maisha yake.

Na ukipokea koili usiamini karatasi iliyobandikwa. Pima unene kwa maikromita, kile kifaa cha kupimia vitu vyembamba, sehemu tatu, kingo mbili na katikati, afu kumbuka ule unene umebeba rangi na madini ndani yake. Rangi ya pande mbili inafika kama mikroni 20 mpaka 25, mikroni elfu moja ni milimita moja. Ile kinga ya aluminiamu na zinki nayo ina unene wake, ukiona AZ150 maana yake gramu 150 kwa mita moja ya mraba ukijumlisha pande zote mbili, hiyo ni karibu mikroni 40. Koili za bei rahisi zinakuja na AZ30 au AZ40. Kwa hiyo koili iliyoandikwa 0.30 chuma chenyewe kinaweza kuwa 0.26, na siyo kosa kama wamekwambia, kosa ni kama wamekuficha. Kwenye oda yako andika unene wa chuma peke yake ni ngapi na kinga ni gramu ngapi, vyote viwili.

Mkulima_Eldoret

Niko Eldoret, huku hiyo msauzi tunaita boksi profaili. Sina mashine, mimi ni mtu amenunua mabati, na nimesoma vile Dada amesema nikasikia uchungu tena.

Nilijenga nyumba ya mama yangu, nikalipia geji 30, nikaonyeshwa risiti ya geji 30. Mwaka wa pili upepo wa mwezi wa tatu ukang'oa upande mmoja, na siyo ati misumari ilitoka, misumari ilibaki kwa mbao na mabati yakapasukia pale kwa msumari, unaona kishimo kimeraruka kama karatasi. Nikapeleka kipande kwa jamaa ako na maikromita, ikasoma 0.21 na rangi ndani. Kurudi kwa muuzaji naambiwa hiyo ndiyo geji 30 ya sasa.

Geji 30 haina ya sasa na ya zamani. Kwa kipimo cha BWG, ile ya kale ya mabati, geji 28 ni milimita 0.356, geji 30 ni 0.305 na geji 32 ni 0.229. Ndiyo maana naomba wewe ndugu yangu ukianza kutengeneza, usichape geji peke yake nyuma ya bati. Chapa milimita. Mtu wa kawaida akishajua kuuliza milimita hamtaweza kudanganywa wala kudanganya. Mama yangu alikaa wiki mbili kwa jirani akingoja paa.

Hadwea_Makambako

Wakuu asanteni sana, Dada na Fundi Mungu awabariki, na ndugu wa Eldoret pole kwa mama. Nimesoma mara tatu, advansi nimeisimamisha. Maswali mengine mawili. Kwanza mashine ikifika nani anaiwasha, wachina wanasema watatuma fundi wao lakini nilipe tiketi, malazi na posho. Pili, huku kwetu ni baridi na ukungu, asubuhi mwezi wa sita mpaka wa saba ghala linatoa jasho, koili haitapata shida?

Fundi_Rola

Fundi wa China kama hela inatosha mlete, siyo kwa ajili ya kuwasha, kwa ajili kijana wako akae naye siku tano aone anavyoseti. Kama haitoshi tafuta fundi wa Dar aliyeseti mashine ya aina hiyo na umwone akiwa kazini kwanza.

Ila kwenye kuwasha nisikilize vizuri hapa. Hizi mashine zinasafirishwa tangi la haidroliki likiwa tupu. Niliitwa sehemu moja, tajiri kafurahi, fundi umeme kaunganisha waya, wakabonyeza kitufe, pampu ikaunguruma kavu na kisu hakishuki. Wakarudia kubonyeza, wakarudia. Nilipofika nikaweka mafuta ya haidroliki namba 46, bado kisu hakishuki, kuangalia mshale kwenye mota kumbe inazunguka kinyume, fezi zimebadilishana. Kubadilisha waya mbili ni dakika tano lakini pampu ilishajila, na pampu mpya ilichukua wiki saba kufika. Kwa hiyo mafuta kwanza, alafu gusa kitufe sekunde moja uangalie mshale, ndipo uendelee. Na kwenye oda weka vipuri hivi, seti ya sili za haidroliki, beringi, kisu cha akiba na enkoda mbili. Enkoda ni kile kigurudumu kinachohesabu urefu wa bati, kadogo lakini kikifa mashine nzima imesimama, au inakata mita 3 inakuja mita 2.80.

Na folklifti. Hujaitaja. Koili ya tani 4 utaishusha na nini hapo Makambako? Usiishushe kwa kuiviringisha kwenye magogo na vijana, nimeona mguu wa mtu. Kodi kreni. Na ile mikanda ya chuma inayofunga koili, anayeikata asimame pembeni, asisimame mbele ya mdomo wa koili, ule mwisho unafyatuka kwa nguvu. Glavu za ngozi kwa kila anayepokea bati, kingo ya bati jipya ni wembe.

Dada_wa_Stoo

Jasho la ghala ni shida kweli kaka, swali zuri. Unyevu ukiingia kati ya mizunguko ya koili hautoki, unakula zinki kimya kimya, ukija kufungua baada ya miezi mitatu unakuta unga mweupe na madoa. Usiweke koili kwenye sakafu tupu, iweke juu ya mbao nene na uizibe kabari pande zote mbili. Usiivue karatasi yake mpaka siku ya kuitumia. Na ikifika asubuhi ya baridi usiifungue siku hiyo hiyo, iache ndani ilingane na joto la ghala. Usiifunike kwa turubai la nailoni lililobana, linafungia maji ndani, acha hewa ipite.

Mtu_wa_Vibali

Naongezea kidogo mkuu. Ushuru wa mashine na ushuru wa koili ni vitu viwili tofauti, mashine za viwandani zina unafuu, koili ndo zinabadilika badilika, kila mwezi wa sita bajeti ya Afrika Mashariki ikitoka muulize wakala wako wa forodha kabla hujaagiza. BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni) unasajili kiwanda, TBS (shirika la viwango) unaomba leseni ya alama ya ubora kabla hujaanza kuuza, na uwaombe waje wakuone mapema, usingoje bati zijae ghalani.

Hadwea_Makambako

Nimerudi. Nimefanya alichosema Fundi, nimetoa bati moja kati ya zile zilizochubuka ili nikate kipande cha kuchorea. Kabla sijakata nikakumbuka hesabu ya Dada, nikachukua uzi, nikaulaza kwenye bati ukifuata kila mgongo juu na chini kuanzia kingo hii mpaka kingo ile, nikaunyoosha kwenye futi, milimita 1000 kamili. Nikaliweka bati zima la mita 3 kwenye mizani ya kupimia misumari. Kilo 5 na gramu 600.

Nikapiga hesabu mara nne. Unene unakuja milimita 0.238, na geji 30 inatakiwa iwe 0.305. Mimi nililinunua kama geji 30 na nimekuwa nikiliuza kama geji 30, kwa uaminifu wangu wote, na ndizo bati alizochukua yule mzee.

Nimempigia simu kijana wa duka afunge mapema. Kesho naenda Wanging'ombe na mizani. Kama hajaezeka nazirudisha zote namrudishia hela yake, kama ameshaezeka tutaongea, nitaongeza kenchi na misumari kwa gharama yangu. Kuhusu mashine nimeamua nianze na moja ya ghorofa moja, koili ya milimita 1000, rangi mbili, damu ya mzee na bluu, chuma 0.30 bila rangi. Fundi, ile karatasi ya mchoro nitaileta mwenyewe Dar wiki ijayo uikague kabla haijaenda China.

Fundi_Rola

Ilete. Na njoo na kile kipande chenyewe cha sentimita 20, karatasi peke yake inadanganya pale kwenye kona.